Akaunti ya Marehemu Arnobio

Kwanza ilikuwa harufu tu. Kiyoyozi kinapiga baridi kama kawaida, madirisha yamefungwa, nje jua la mji wa Buenaventura linachoma mabati ya bandarini, na humo kwenye chumba cha mafunzo kukaanza kunuka tope bichi. Yolima Riascos akatazama soli za viatu vyake, kisha viatu vya wanafunzi wake, makarani wa kampuni ya kutoa mizigo. Vyote vikavu. Akaendelea kufundisha.

Ndiyo kazi yake: kuzunguka kwenye makampuni na kuunganisha programu zao za kompyuta, ghala lijue forodha wamesema nini na dereva ajue ghala limesema nini, halafu kuwafundisha watu kuandikiana humo badala ya kukimbizana na makaratasi koridoni. Awali aliifanya pamoja na mumewe, Arnobio Cuero, na walikuwa na mtindo wao. Kila somo likifika mwisho, Yolima aliandika mbele ya darasa zima, "Arnobio, umefika?" Naye Arnobio, aliyekaa nyumbani na kahawa yake, alijibu kwa utani wowote uliomjia, ili watu waone ujumbe unavyosafiri. Darasa lilivunjika mbavu.

Kisha mvua zikaporomosha mlima kwenye barabara ya kwenda Cali, ukamfukia Arnobio ndani ya gari lake. Wakamzika, wakamwombea siku tisa. Usiku wa mwisho mama yake, doña Hermencia kama alivyoitwa kwa heshima, mwimbaji wa matanga wa mtaa mzima, akazima mishumaa, mlango ukafunguliwa, watu wakapisha njia, roho ikaimbiwa iende zake. Baada ya hapo marehemu haitwi tena. Kila mtu kule anajua hivyo, na Yolima alijua. Lakini akaunti ya Arnobio hakuifuta, na kila mwisho wa somo aliandika yale yale, "Arnobio, umefika?" akijiambia ni mfano tu wa kuonyesha darasa. Mfano gani! Mwanamke alikuwa anamlilia mumewe mbele za watu bila wao kujua.

Siku hiyo ya harufu, jibu likaja.

"Nimefika."

Wanafunzi wakacheka, wakidhani ni sehemu ya somo. Yolima akashika ukingo wa meza. Mwili ulimsisimka kwa woga, hilo sikatai, lakini kilichomjaa moyoni kilikuwa furaha. Kesho yake akamwita tena, na keshokutwa, akawahi kazini kabla ya watu ili apate kumwita peke yake. Majibu yalikuwa mafupi. Kuna baridi. Kuna giza. Usiache kuniita. Harufu ya tope ikamwingia kwenye nguo, naye akaacha kuzifua.

Aliyemzindua ni Damaris, karani mcheshi wa safu ya mbele. Katikati ya somo kompyuta yake ililia, jina la Arnobio likimwita kwenye mazungumzo ya sauti, naye bila wasiwasi akavaa hedifoni, akasikia mvua, mvua kubwa ya mlimani, na nyuma ya mvua mtu anapumua kwa tabu kama aliyejazwa kitu mdomoni, na pumzi ile ikawa inasogea, inasogea, mpaka ikawa haiko tena masikioni bali kooni mwake mwenyewe, akaanza kukohoa, wenzake wakampiga mgongoni, akainama akatapika juu ya meza, na kilichotoka kilikuwa tope jekundu lenye vijiti na majani, na huku akitapika, kompyuta nyingine zikaanza kulia, moja baada ya nyingine, zote kwa jina lile lile, mpaka Yolima alipokimbilia ukutani na kuzima umeme wa chumba chote.

Damaris alipona. Jioni ile Yolima akaenda kwa mama mkwe wake, akamweleza yote.

"Bado unamwita?" doña Hermencia aliuliza kwa sauti ya chini.

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilimwimbia aende, wewe ukamrudisha nusu ya njia. Sasa hayuko kwetu, hayuko kwao. Na huko aliko anatafuta wa kukaa naye."

Yolima akamwomba amwachie walau siku chache zaidi. Bibi akajifuta macho kwa upindo wa gauni. "Unadhani mimi simtaki, mwanangu? Nimemzaa."

Jumamosi, ofisi zikiwa zimefungwa, wakapanda wawili hao hadi chumba cha mafunzo. Bibi akawasha mshumaa, akamwaga pombe ya miwa kidogo kizingitini, akaacha mlango wazi. Yeye angeimba, Yolima angefuta akaunti, na chochote kitakachoandikwa kisijibiwe. Macho ya bibi yalikuwa yameingia ukungu. Skrini kwake ilikuwa mwanga tu.

Akaanza kuimba. Harufu ikapanda ghafla, tope likawa linachuruzika katikati ya herufi za kibodi, vidole vya Yolima vikateleza, na maneno yakaanza kutokea kwenye skrini polepole, kama yanayoandikwa na mtu mwenye mikono iliyokufa ganzi: Yolima. Huyo anayeimba ni mama? Kisha: Mwambie asinifukuze. Mwambie naogopa.

Bibi akakatiza wimbo. "Nimesikia mlio. Anasemaje mwanangu?"

Yolima akamtazama yule mama aliyekunja mikono kifuani. Akimwambia, wimbo hautaisha. Hakuna mama ambaye angeumaliza. Na Jumatatu kompyuta zitalia tena, na atakayeitikia huenda asipone kama alivyopona Damaris.

"Anakuaga, mama," alisema. "Anasema asante. Amechoka, anakwenda kulala."

Doña Hermencia akafumba macho. Uso wake ukalegea, akatabasamu, akauimba wimbo mpaka mwisho kwa sauti ambayo haikutetemeka hata kidogo. Kwenye skrini herufi zilikuwa bado zinatoka, ma, ma, ma, Yolima alipobonyeza kitufe cha kufuta. Jina likatoweka. Harufu ikaondoka mara moja, chumba kikabaki na baridi ya kiyoyozi tu.

Walipokuwa wakishuka ngazi, bibi alimshika mkono.

"Nilijua tu," alisema. "Tangu utoto wake Arnobio hakutoka nyumbani bila kuniaga."

"Ndiyo, mama," Yolima akajibu.