Sanda Mezani kwa Bwana Henri

Huko Kabondo, mjini Kisangani, kila mtu alimjua Waziri, fundi wa nguo. Mdomo wake ulikwenda mbio kuliko cherehani lake. Ukimletea suruali iliyochanwa na mbwa, atakuuliza kwanza mbwa anaendeleaje.

Mkewe, Kadidja, alikaanga mikate na kuiuza mbele ya nyumba. Wateja walinunua mikate, vichekesho vya Waziri wakavipata bure.

Uhuru ulikuwa bado mchanga mwaka ule, na ugomvi wa wakubwa ulikuwa umefunga mto. Mashua kutoka Léopoldville, mji mkuu, hazikufika tena. Chumvi ikapotea. Sabuni ikapotea. Kitambaa nacho kikapotea kabisa. Waziri alishona kiraka juu ya kiraka, hadi watu wakasahau rangi ya kwanza ya suruali zao.

Lakini chumbani kwake mlikuwa na sanduku la mbao, na ndani yake jora la kitambaa cheupe. Halikuwa mali yake. Waislamu wa mtaa walilinunua kwa mchango kabla mto haujafungwa, liwe akiba ya sanda. Mtu akifa, Waziri hukata kipande, maiti anavishwa, anazikwa siku ile ile. Sanduku liliwekwa kwa Waziri kwa sababu yeye ni fundi. Mkono wake haupotezi kitambaa.

Basi asubuhi moja Kadidja alikuwa anakanda unga. Akasikia kilio. Jirani yake, Aziza, aliingia uani bila viatu.

"Mama Kadidja! Papa amekufa! Ameamka, ameomba maji, amekufa!"

Baba yake Aziza alikuwa Papa Lukumani, mwadhini wa msikiti. Jana yake tu alikuwa amepanda juu ya paa kuziba tundu. Kadidja alimshika Aziza kwa mikono yenye unga, wakalia pamoja. Kisha akasimama.

"Rudi kwa mama yako. Sanda inakuja sasa hivi."

Waziri alikuwa mlangoni. Uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyemeza sindano.

"Acha, mie nitafungua," alisema. "Weye kaa na wafiwa."

"Weye nenda kuita imamu. Mie natoa kitambaa."

"Ufunguo umepotea."

"Kufuli liko wazi, Waziri. Naliona."

Kadidja akafunua sanduku. Juu kulikuwa na shati jeupe, limekunjwa vizuri. Akalitoa. Chini yake akakuta suruali kuukuu ya Waziri. Chini ya suruali, gunia. Chini ya gunia, mbao za sanduku.

Akakaa chini.

"Iko wapi?"

"Mama, ngoja nieleze..."

"Sanda ya watu iko wapi?"

"Kwa Bwana Henri," Waziri alisema polepole. "Niliiweka kwenye meza yake ya karata. Lakini ilikuwa kuazima tu! Ningeirudisha siku ile ile, na chumvi ya ushindi juu yake!"

"Na kama mutu angekufa?"

"Niliangalia kwanza. Nilizunguka mtaa muzima. Wote walikuwa wazima."

Kadidja akakumbuka. Wiki iliyopita mumewe alipita nyumba kwa nyumba akiwasalimu wazee. Papa Lukumani, kifua kinaendeleaje? Bibi Asha, usingizi unapatikana? Kadidja alifurahi sana siku ile. Alidhani mumewe amepata huruma. Kumbe alikuwa anawapima wazee kama nguo, aone kama kuna anayekaribia kufa.

Akalifunga sanduku kwa kishindo.

Waziri akaliinua cherehani lake. "Naenda kuikomboa. Naweka mashine mezani. Safari hii ninajua namna yake."

"Weka chini," sauti ilisema.

Alikuwa Marie-Jeanne, jirani wa nyumba ya pili, mama wa Isangi aliyekwama mjini tangu mashua zikome. Aliuza samaki wa kukaushwa nyuma ya nyumba ya Henri, karibu na mlango wa jikoni. Alikuja kwa sababu ya kilio.

"Alors, Papa Waziri," alisema, "nani alikuonyesha namna ya kushinda?"

"Augustin. Ile mutu ya kofia nyeupe. Karata ni tatu, moja ni nyekundu. Ukiitambua, umeshinda. Henri aligeuka kutafuta kiberiti, Augustin akakunja pembe ya ile nyekundu. Akaniambia kwa siri: fuata pembe, ndugu yangu. Nilifuata pembe! Nikafunua, nikakuta nyeusi. Sijui ni bahati gani."

Marie-Jeanne akachana boksi la sabuni vipande vitatu. Kimoja akakipaka mkaa. Akakunja pembe yake, akavigeuza vyote, akavizungusha chini.

"Kiko wapi cha mukaa?"

Waziri akaonyesha kile chenye pembe. Marie-Jeanne akakigeuza. Kilikuwa safi.

"Haiwezekani!"

"Nilinyoosha pembe ya kwanza, nikakunja ingine. Ni kidole gumba tu. Asubuhi wanafanya mazoezi jikoni, Henri na Augustin, kama watu wa kwaya. Wameungana wale. Ile siri ndo chambo. Mutu akikupa siri ya kushinda, mbona hashindi yeye mwenyewe?"

"Lakini Augustin anashinda! Alishinda redio mbele ya macho yangu."

"Jioni anairudisha kwa mulango wa jikoni. Kesho yake anaishinda tena. Ile redio imechoka kushindwa." Marie-Jeanne hakucheka. "Hawachezi, Papa Waziri. Wanaiba. Wanataka vitu vyenye kukosekana: kitambaa, chumvi, mashine. Wanavipakia kwenye lori, vinakwenda kuuzwa Banalia. Ukienda na cherehani, kesho mutakula nini?"

Waziri akaliweka cherehani chini. Kadidja akamwonyesha mlango.

"Sema na imamu," alimwambia. "Kwa mdomo wako mwenyewe. Sasa."

Imamu Sefu alisikiliza mbele ya wanaume wote waliokuja msibani. Mmoja alishika kichwa. Mwingine alisema, "Sanda? Sanda, Waziri?" Maji ya kumwoshea marehemu yalikuwa tayari motoni, na duka lenye kitambaa halikuwepo mji mzima.

"Bebeni jeneza," imamu alisema.

"Jeneza tupu? Twende nalo wapi?"

"Kwa Henri."

Wakalibeba begani. Kadidja na Marie-Jeanne walifuata nyuma. Nyumba ya Henri ilikuwa imejaa wachezaji mchana kweupe. Wanaume wakaingia, wakaliweka jeneza juu ya meza, juu ya karata. Wachezaji wakarudi nyuma hadi ukutani. Augustin alitorokea dirishani. Kofia yake nyeupe ilibaki kwenye msumari.

"Munataka nini?" Henri aliuliza.

"Marehemu wetu hana nguo," imamu alisema. "Tumeambiwa nguo yake iko hapa."

"Kitambaa cheupe ni kitambaa cheupe. Mutajuaje ni chenu?"

"Pembeni kina uzi wa buluu," Kadidja alisema. "Niliutia kwa mkono wangu."

Akafungua mlango wa chumba cha nyuma, alioonyeshwa na Marie-Jeanne. Humo mlikuwa na baiskeli, mashine za kushona, masufuria, vitenge vya harusi. Wachezaji wakachungulia.

"Ile baiskeli iko yangu!"

"Masufuria ya muke wangu! Aliniambia ameibiwa na jirani!"

Kelele zikawa nyingi. Henri alijaribu kutoka, wakamzuia mlangoni hadi polisi walipokuja. Kitambaa kilikuwepo, lakini nusu yake ilikuwa imeshapanda lori la Banalia. Kilichobaki kilimtosha Papa Lukumani. Alizikwa kabla jua halijazama. Aliyemkatia sanda alikuwa Waziri, na machozi yalilowesha kitambaa hadi imamu akamwambia asogee.

Mtaa haukumfukuza. Walimwambia alipe nusu iliyopotea kwa kazi. Mto ulipofunguka na kitambaa kurudi madukani, Waziri aliwashonea watu bila malipo, wao wakanunua jora jipya kwa pesa ya ushonaji. Sanduku likahamia kwa Aziza. Likawekwa makufuli mawili: ufunguo mmoja kwa Aziza, mwingine kwa Kadidja. Mtu mmoja hawezi tena kulifungua peke yake, hata akiwa na huruma ya kusalimu wazee.

Watu wa Kabondo waliacha meza za karata. Mgeni akija na siri ya kushinda, watoto humwuliza kwa sauti, "Na weye mbona hushindi?" Naye huhama barabara.

Bibi Asha alipofariki, sanda ilifika kabla maji hayajapata moto. Waziri alipima, akakata. Kipande kilichobaki alikikunja na kukiweka mkononi mwa mkewe bila kuambiwa. Kisha akatoka nje, akakaa na wafiwa, na siku ile hakutania mtu.