Kifungu cha Tisa

Saa mbili asubuhi barabara ya maduka ilikuwa imefurika watu. Fundi cherehani alipofika mbele ya chumba alichopanga, alimkuta mwanamume akizungusha ufunguo kwenye kitasa.

"Kaka, umekosea mlango," alimwambia.

"Dada, mbona umefunguka? Ningekosea, ungenikatalia."

Fundi alivaa gauni la kijani lenye kola nyeupe, alilolishona mwenyewe liwe tangazo lake. Mwanamume alivaa shati safi lenye mfuko uliochanika, na kifuani alikumbatia sanduku la saa mbovu. Kazi yake ilikuwa kutengeneza saa, na watu walimwita Saa Sita, maana kila mteja aliyeuliza mzigo wake utakuwa tayari lini aliambiwa, "Njoo saa sita."

Fundi alitoa mkobani mkataba wake, kurasa tatu ndani ya bahasha ya plastiki, wenye sahihi ya mama mwenye nyumba. "Wako uko wapi?"

"Wangu aliutamka mzee mwenyewe, mumewe. Tukapeana mikono, akanipa ufunguo."

"Mkono hauna muhuri, kaka yangu."

Walipokwenda kuuliza, ikajulikana kwamba mume na mke walikuwa wamepangisha chumba kimoja kwa watu wawili bila kuambiana, mume kwa mdomo na mke kwa karatasi. Mzee alishika kichwa. Mkewe alisema karatasi ndiyo itakayosimama. Ahadi ya mdomo nayo ni mkataba, lakini kuithibitisha bila shahidi ni kupanda mlima kwa magoti.

Saa Sita akaliinua sanduku lake, aondoke. Fundi alimwonea huruma.

"Weka meza yako pale dirishani mpaka upate pengine."

Hakuandika kitu, wala hakumwuliza mtu.

Pengine hapakupatikana, na kusema kweli, baada ya mwezi wa kwanza hakuna aliyepatafuta. Mmoja alikanyaga cherehani, mwingine aliinamia saa na kioo chake jichoni, na mazungumzo hayakukatika.

"Vua shati hilo," fundi alimwambia siku moja.

"Mbele ya wateja?"

"Mbele ya sindano! Mfuko umenichosha macho."

"Kumbe macho yako huwa hapa kifuani pangu."

"Nyamaza, usije ukashonewa na mdomo."

Mwezi wa tatu wakaitana mpenzi, kwanza kwa utani, kisha bila utani.

Ndipo mama mwenye nyumba alipopita, akaiona meza ya dirishani, akaondoka. Alasiri ikaletwa barua. Mpangaji amevunja kifungu cha tisa. Asiporekebisha ndani ya siku kumi na nne, mkataba utakatishwa.

Fundi aliutoa mkataba kwenye plastiki na kuusoma amesimama, kwa mara ya kwanza tangu autie sahihi. Kifungu kilikuwa chini ya ukurasa wa pili: mpangaji hataruhusu mtu mwingine kufanyia kazi chumbani, isipokuwa mwenzi wake wa ndoa, bila idhini ya maandishi ya mwenye nyumba.

Miaka sita alikuwa ameshona kwenye baraza ya dada yake, mvua ikija anabeba vitambaa kichwani. Chumba hiki kikimponyoka, atarudi barazani. Tena aliona aibu. Yeye aliyemcheka mwenziwe kwa kukosa karatasi, ya kwake alikuwa ameihifadhi tu kama picha ya harusi.

"Saa Sita, tafuta mahali pengine kabla wiki haijaisha."

"Nimekosa nini, kipenzi?"

"Hujakosa. Nahitaji nafasi."

"Nafasi ya meza, au ya moyo?"

Fundi aliinamia cherehani. Saa Sita alifunga sanduku lake taratibu, akatoka bila kuaga.

Siku ya nne simu ililia.

"Nimesahau bisibisi yangu ndogo," alisema Saa Sita, sauti kavu.

"Ipo. Njoo uichukue."

"Nitakujaje, nami nimeshafukuzwa?"

"Sikukufukuza! Ni kifungu cha tisa." Maneno yalimtoka yote pamoja, barua, siku kumi na nne, baraza ya dada, na kwamba alitia sahihi bila kusoma. Kisha akamsomea kifungu neno kwa neno.

Saa Sita akaangua kicheko. "Basi dawa imo humo humo! Mwenzi wa ndoa. Tuoane kesho, mambo yaishe."

"Unanioa mimi au unaoa dirisha?"

"Mpenzi, nilikuwa—"

"Mimi si idhini ya mtu!" Akakata simu.

Siku ya kumi, saa tano asubuhi, Saa Sita alisimama mlangoni amevaa shati lile lile, limepigwa pasi. Alimpa karatasi moja. Fundi aliisoma mbele, akaigeuza, akasoma nyuma ambako hakukuwa na kitu, akarudi mbele. Wenye nyumba wanaidhinisha fundi saa afanye kazi dirishani, yeye peke yake, muda wote wa mkataba. Notisi imefutwa. Sahihi zilikuwa mbili, ya mume na ya mke.

"Umewapataje?"

"Nilimkumbusha mzee mkono alionipa. Mkewe alikataa siku mbili, ya tatu akachoka kuniona kizingitini." Akanyoosha kola ya shati. "Sasa chumba ni chako hata ukinikataa, na dirisha ni langu hata ukinikataa. Hakuna karatasi inayokusukuma. Kwa hiyo nauliza upya. Utakubali nikuoe?"

Fundi alifunga mlango mchana kweupe, akamsogezea kiti.

"Kaa. Tutaishi wapi? Mama yako atakaa na nani? Nikizaa, nitaacha kushona? Ukikasirika, unasema au unafunga sanduku?"

"Yote hayo leo?"

"Yote. Safari hii sikubali kabla sijafika ukurasa wa mwisho."

Alijibu moja moja. Pale pa sanduku aliinamisha kichwa, akaahidi kusema. Nje wateja walianza kugonga, mmoja akiulizia gauni lake, mwingine saa yake.

"Nakuja!" fundi aliwaitikia. Kisha akamgeukia Saa Sita, akiwa ameshika komeo. "Ndiyo," alisema, akafungua mlango.