Wingu Halikuwa na Kitufe

Mashavu alirudi kutoka shambani miguu ikimuuma. Tangu alfajiri alikuwa akiamia ndege. Ndege wa kijijini Maparoni hawana huruma. Ukikohoa tu, wameshakula mpunga wako. Nyumbani kulikuwa na samaki wa kupara na maji ya kuteka. Mumewe, Mashaka, alikuwa hoi kwa kushona nyavu. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumpa pole mwenzake.

Jua lilipokuchwa, Mashavu alichukua simu akatoka nje kutazama magharibi. Hiyo ndiyo kazi aliyojitolea. Kuna wataalamu wa nyota wanaotengeneza programu ya simu. Hawa si wapiga ramli. Wanapima mwendo wa mwezi na nyota kwa hesabu. Programu yao inakadiria mwezi mwandamo utaonekana lini. Bado ni changa, kwa hiyo waliomba watu wa kuijaribu. Jirani yao Mwanaidi, mwalimu wa sekondari, ndiye aliyeleta habari. Mashavu alikubali kwa kuwa ana macho makali.

Jioni hiyo magharibi yote ilikuwa wingu zito. Simu iliuliza, "Mwezi umeonekana?" Vitufe vilikuwa viwili tu, Ndiyo na Hapana. Mashavu akabonyeza Hapana. Maandishi mekundu yakatokea: "Taarifa yako si sahihi. Kwa hesabu, mwezi unaonekana."

Mwezi uliopita ilimwambia hivyo hivyo.

"Bonyeza Ndiyo yaishe, Mama Sabra," alisema Mashaka. "Unagombana na simu?"

"Niseme nimeuona na sijauona? Huo ni ushahidi, Baba Sabra. Mwezi hausemewi uongo."

"Basi achana nayo. Tumechoka."

Kweli alikuwa amechoka, na roho ilimuuma. Kijiji kizima kinaamini neno lake, leo simu inamwita mwongo! Akaamua kujitoa.

Asubuhi Mwanaidi alipita akienda kazini.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu."

"Habari za programu?"

"Nzuri tu."

Mashaka aliangua kicheko. "Nzuri! Jana nusura aitupe mtoni!"

Ndivyo tulivyo. Nyumba inaungua, tukiulizwa hali tunasema nzuri. Ni adabu, lakini kuna kazi ambayo adabu hiyo inaiharibu.

Mashavu aliona haya. "Nilidhani kosa ni langu. Mimi nimeishia darasa la saba. Nilidhani tunajaribiwa sisi."

"Hapana, shangazi. Inayojaribiwa ni programu. Mtumbwi mpya ukitiwa majini, mnatafuta nini?"

"Panapovuja."

"Mkipaona mkanyamaza?"

"Watakaopanda watazama."

"Basi niambie programu inavuja wapi."

Mashavu akaeleza. Wingu likifunika, yeye hajui kama mwezi upo au haupo. Ndiyo ni uongo. Hapana nayo si kweli yote.

"Waandikie hivyo hivyo," alisema Mwanaidi. "Eleza ulichokiona, ulichobonyeza, na simu ilivyojibu. Usiyapambe maneno. Mambo ya kufunga na kufungua tuwaachie masheikh. Wao wanatafuta makosa ya hesabu yao."

"Nilitaka kujitoa, mwanangu. Nimechoka."

"Pole, shangazi. Una haki ya kuchoka. Lakini ukiondoka kimya, kosa litabaki."

Mashavu akakaa kizingitini akaandika, polepole, kwa vidole vyenye matope.

Majibu yalichelewa. Mpunga ukavunwa, hakuna neno. Mashaka alishaanza kumtania mkewe. Kisha programu ikaja upya, na ndani yake mna kitufe cha tatu: Sikuweza kuona. Mwanaidi aliwasomea barua ya wataalamu. Walisema watu wengi wa sehemu zenye mawingu walikuwa wakibonyeza Ndiyo ili kuiridhisha simu. Hesabu zikaharibika. Ujumbe wa Maparoni ndio wa kwanza kuwaonyesha kosa.

Mashaka hakutania tena siku hiyo.

Mwezi mwandamo uliofuata, wingu lilikuwa pale pale. Mashavu alisimama, akatazama mpaka shingo ikachoka. Akabonyeza kitufe kipya. Simu ikajibu, "Asante. Tumepokea."

"Mwezi umeandama?" Mashaka aliuliza kutoka ndani.

"Sijui," alijibu Mashavu, na moyo wake ukatulia.