Chaja Isiyo Yake

Kila Jumamosi, vyombo vikishaoshwa na sebule ikishafagiliwa, Bibi huvaa miwani, hushika kidhibiti cha michezo ya video na kuwachapa wajukuu wote mchezo baada ya mchezo. Mashine yake ya michezo, ya kijivu, ilinunuliwa kabla mama yao hajazaliwa. Simu za nyumba ile zimekufa tatu, yenyewe ipo tu!

Jumamosi hii iligoma kuwaka. Bibi alibonyeza swichi, akabonyeza tena, wapi! Sababu aliijua Kidole peke yake, mjukuu wake wa kike wa miaka kumi na miwili aliyepewa jina hilo kwa kugusagusa kila kitu. Jana alitaka kufanya mazoezi kwa siri. Alipoikosa chaja ya mashine, alichomeka ya kisanduku cha intaneti. Iliingia vizuri kabisa, ikasikika "tik", basi.

"Umeigusa?" Bibi alimuuliza Kidole.

"Hapana, Bibi. Ilianza yenyewe kuchora mistarimistari kwenye televisheni juzi." Uongo wa pili ulitoka kirahisi kuliko wa kwanza.

Walipofika kwa fundi wa redio na televisheni, Bibi alieleza kuwa ilichora mistari, kisha ikagoma kuwaka. Fundi alifungua skrubu na macho yakamtoka.

"Lo! Tazama kazi hii! Chipu hii inafikiri, ile inachora. Kumbukumbu yake yote haitoshi kutunza picha moja ya simu, lakini walipenyeza humo milima, mapango na mazimwi. Wale watu walikuwa na vichwa, jamani!"

Bibi alitabasamu kama mzazi aliyesifiwa mwanawe.

"Ila mistari kabla ya kuzima ni ugonjwa wa chipu ya kuchora," Fundi aliendelea, akiwasha kifaa cha kuchomelea. "Lazima niing'oe niipime. Ina miguu arobaini. Nikikosea mmoja, ndiyo kwaheri, maana haitengenezwi tena."

"Jaribu tu, mwanangu," Bibi alisema.

Ncha ya moto ilishuka. Kidole aliruka mbele.

"Fundi, usiiguse! Hakukuwa na mistari! Nilichomeka chaja ya intaneti!"

Fundi aliweka kifaa chini. Alipima karibu na tundu la umeme, akaonyesha fyuzi ndogo iliyoungua. "Chaja za intaneti, chanya na hasi zake zimegeuzwa, si kama za mashine hii. Hii fyuzi imekubali kufa ili wenzake wapone." Aliweka mpya, akaunganisha televisheni, na muziki ukalia. Bibi alifuta macho kwa upindo wa kitenge.

"Nisamehe, Bibi," Kidole alisema, machozi yakimlengalenga.

"Chaja nimekusamehe. Ule uongo ndio umeniuma."

Fundi alimgeukia Kidole. "Sikiliza, binti. Mashine haina mdomo wa kunieleza inaumwa wapi, kwa hiyo nakutegemea wewe. Ukinidanganya, nitakata palipo pazima, na mkono wangu ndio utakaoiua. Ukiharibu kitu, sema siku ileile, hata kama unaogopa."

"Nimesikia, Fundi," Kidole alijibu. Safari hii alimaanisha kila neno.