Kadi ya Kwanza

Saa tatu kasorobo asubuhi, mfagiaji wa chuo alifungua komeo la chumba cha kompyuta ya zamani akamkuta Mama Kadi sakafuni, amekufa. Wenzo wa gesi ya kuzimia moto, ile inayomaliza hewa chumbani, ulioko nje ya mlango, ulikuwa umevutwa. Ndani hapakuwa na mtu hai, lakini mashine ya kuchapa ilikuwa ikiendelea kugonga mstari uleule: MWENYEWE YUKO WAPI?

Inspekta alipofika, karatasi ilikuwa imerundikana hadi magotini. Aliagiza mashine izimwe. Hakuna aliyethubutu kuigusa. Akaizima mwenyewe.

Marehemu alianza ujanani akitoboa kadi za kompyuta hiyo, ambazo matundu yake ndiyo herufi na amri. Siku hiyo saa tano yalikuwa yafunguliwe maonyesho ya lugha ya kompyuta iliyobuniwa hapo chuoni, yenye amri za Kiswahili: ANZA, RUDIA, ISHA. Sifa zote zilikuwa za profesa mmoja aliyekwisha kufariki, baba wa mkurugenzi wa sasa.

Fundi mzee wa mashine aliitwa kwanza.

"Jana wewe na marehemu mlisikika mkigombana."

"Tuligombana, mwanangu. Nilimsihi aachane na habari ya nani aliyeibuni lugha. Akasema kadi yake ya kwanza itamjibia."

Inspekta alilitoa bunda la kadi mashinini. Zote zilikuwa zimefifia, rangi ya chai. Ya kwanza tu ilikuwa nyeupe, imetobolewa jina la profesa na mwaka 1967.

"Nani anajua kutoboa kadi?"

"Marehemu, mimi na mkurugenzi. Huyo mkurugenzi nilimfundisha mwezi uliopita."

Mkurugenzi aliingia akiwa amefunga koti vifungo vyote. "Tangu saa moja nilikuwa ofisini," alisema. "Mzee huyu ndiye anayeshinda humu. Muulize yeye."

Inspekta aliwapa kila mmoja kadi tupu. "Nitobolee jina lako na mwaka uliozaliwa."

Fundi alitoboa 44. Mkurugenzi, 1971.

"Mzee, mbona tarakimu mbili?"

"Kadi ina nafasi themanini tu. Enzi zetu hakuna aliyepoteza nafasi mbili kwa kuandika 19 ya mwanzo."

Inspekta aliiweka kadi nyeupe kando ya kadi ya mkurugenzi: 1967, 1971.

"Na yale maneno ya mashine?" aliuliza.

"Ni ya marehemu," alisema fundi. "Aliiagiza lugha yake ikague jina lake kwenye kadi ya kwanza. Isipolikuta, iulize."

Mkurugenzi alikaa chini polepole. Akafungua koti, akatoa kadi kuukuu ya rangi ya chai. Alikuwa ameshindwa kuichana.

"Nilikuwa nimeshabadilisha kadi, naye akaja mapema kuijaribu mashine," alisema. "Mashine ilipoanza kuuliza, akanigeukia, akanitazama tu. Nikatoka, nikafunga komeo."

"Ukavuta wenzo. Kwa ajili ya sifa za baba yako?"

"Baba alishaniambia, wiki aliyokufa. Alisema lugha ni ya yule binti mtoboa kadi, akaniomba niutangazie ulimwengu."

"Sasa kwa nini, bwana?"

"Watoto wangu wanaitwa kwa jina la baba, Inspekta. Na mimi pia."

Fundi aliichukua ile kadi kuukuu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akalisoma jina la marehemu kwa sauti, tundu baada ya tundu.