Mwizi Aliyeosha Vikombe

Kabati lilikuwa wazi. Vishikwambi vyote vimelala mahali pake, kasoro kimoja: cha Darlene Etcitty. Na Darlene, kwa mkosi wa ofisi nzima, ndiye aliyekuwa hajatuma takwimu za msimu wote. Mwanamke yule alikuwa mbahili hata wa kubonyeza kitufe.

Inspekta Harrison Bitsilly aliinama akakagua kufuli. Halikuvunjwa. Halijapata kufungwa tangu liwekwe, maana ufunguo wake ulipotea wiki ileile.

"Taarifa inatakiwa leo saa kumi na moja jioni," alisema Rochelle Nakai, mratibu wa takwimu, akiwa ameshika kichwa kwa mikono miwili. "Leo, Inspekta. Si kesho."

Bitsilly hakuhitaji kuelezwa, lakini alielezwa. Wanawake wa ofisi ile huwatembelea majumbani wajawazito na wenye watoto wachanga, huko kwenye barabara za vumbi ambako mtandao haufiki. Wanayoyaona huyajaza kwenye kishikwambi, kisha huyatuma wakirudi ofisini. Wakubwa wa mji mkuu wakikosa takwimu, huhesabu kwamba kazi haikufanyika, na mpango hufungwa. Binti wa Bitsilly mwenyewe alikuwa na mimba kubwa, na mtembeleaji wake ndiye pekee aliyemsikiliza. Mpango ukifungwa, binti atabaki na baba asiyejua hata kufunga nepi.

Konstebo alipuliza unga wa alama za vidole. Akapata mafuta ya kondoo, ambayo kwetu Wanavajo, wenyeji wa asili wa Marekani na wafugaji, ni sawa na kupata vumbi. Ila kwenye bawaba ya kabati ulining'inia uzi mweupe wa sufu, wa aina ile ambayo bibi zetu hufungia mafundo ya nywele.

"Na hivi vikombe?" Bitsilly aliuliza, akitazama sinki. Vilikuwa vimeoshwa, vimepangwa, vimefunikwa kitambaa.

"Ijumaa tuliviacha vichafu," Rochelle alikiri.

Mwizi gani huyu anayefuta nyayo zake kwa sabuni? Bitsilly alishusha pumzi. Alikuwa anamtafuta bibi, na wilaya nzima imejaa mabibi.

Akamwita Darlene.

"Ijumaa ulimalizia wapi?"

"Kwa Bibi Zonnie. Kuna kitukuu cha miezi mitatu."

"Kulitokea nini?"

"Hakuna. Lilibaki swali moja tu, kama mtoto ameshaanza kucheka. Mama yake akasema bado. Na mimi nataka nifunge fomu niende zangu."

"Kwa hiyo?"

"Nikamtekenya."

Bitsilly alifumba macho. "Akacheka?"

"Sana tu. Nikajaza ndiyo."

"Karamu uliandaa?"

"Kanuni za kazi zinatukataza kuzipa familia zawadi, Inspekta."

"Darlene," Rochelle alisema taratibu, "wewe umezaliwa wapi?"

Maana kila mtu wa kwetu anajua. Anayemchekesha mtoto mara ya kwanza ndiye anayechinja, anayepika, anayemwekea mtoto chumvi mkononi awagawie wageni. Na mkono wa mtu huyo ndio mtoto atakaokua nao: wa kutoa, au wa kufumba. Wa Darlene ulijulikana. Kahawa ya nyumbani kwake unaona mpaka kitako cha kikombe.

Wakapanda gari wote watatu.

Bibi Zonnie hakumruhusu inspekta kufungua kinywa kabla ya kutaja ukoo wa mama yake na wa baba yake. Alipotaja, kizee akatabasamu kama paka.

"Basi mimi ni bibi yako. Kaa, mjukuu wangu, unywe kahawa."

Hapo upelelezi ukaharibika. Bibi yako humkaripii, wala kahawa yake huiachi. Bitsilly alikunywa kikombe, akaongezwa. Akaulizwa habari za binti yake, za mbuzi, za goti lake. Rochelle alitazama saa mpaka macho yakamtoka.

"Bibi," Bitsilly alisema mwishowe, "kishikwambi kiko wapi?"

"Kwenye debe la unga. Kiko salama, nimekifunga mfuko."

"Umekiiba?"

"Nimekiiba. Ungeuliza mapema usingekunywa kahawa yote hiyo."

"Kwa nini, bibi?"

Kizee aliacha mzaha. "Wiki tatu nyumba hii hatucheki. Tunakula kwa sura za msibani. Hata mbwa nimemfungia nje, ana uso wa kuchekesha. Tunamngoja kaka yangu Ambrose aje amchekeshe mtoto wa kwanza, mtu ambaye akiwa na koti moja, analivua akupe. Anakuja huyu, anatekenya mtoto wa watu, anabonyeza, anaondoka. Hata punje ya chumvi hakuacha. Na katoto kangu kakue na mkono wa Darlene?"

"Ndipo ukaiba?"

"Wao wenyewe walitwambia kikaoni: kisichojazwa humo hakijatokea. Nikasema basi, kisitumwe. Ambrose afike, mtoto acheke upya."

"Na vikombe?"

"Vilikuwa vinanuka, mjukuu wangu. Ofisi ya akina mama."

Rochelle aliuliza kama sasa wanaweza kukichukua. Bibi Zonnie alikalia debe. Akasema kicheko kimeshatoka, hakirudi, yeye si mjinga. Kilichobaki ni aliyekitoa akilipie heshima yake. Darlene akaanza tena na kanuni.

"Kanuni nitaijibia mimi," Rochelle alisema kwa meno yaliyoumana. "Chinja."

Darlene alikubali kwa sura ya mtu anayeng'olewa jino. Taarifa ilitumwa jioni ile, unga ukiwa bado umeganda kwenye kioo.

Jumapili kondoo aliliwa, na hakuwa mkondefu; Bibi Zonnie alikwenda kumchagua mwenyewe. Darlene alipoanza kumwekea mtoto chumvi kwa kudonoa, kizee alimshika kifundo cha mkono, akainamisha bakuli lote.

Jumatatu Bitsilly alikaa kufunga jalada. Mashine ya polisi ikagoma mpaka ajaze chanzo cha kosa: ulevi, kisasi, wivu au uchoyo. Alisonya, akajaza uchoyo.

Mashine ikapokea. Haikuuliza wa nani.