Mapovu Yasiyo ya Sabuni

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alikuwa na kazi moja isiyo na mjadala: kujaza mabeseni ya mama yake kwa maji ya kisima chao, yaliyosukumwa na pampu hadi bombani. Mama alikuwa dobi. Alifua shuka na taulo za nyumba ya wageni iliyokuwa karibu na kituo cha mabasi, na ua wao ulijaa kamba kiasi kwamba mgeni asiyejua kuinama alipigwa kofi na shuka mbichi. Kazi haikumshinda Chiriku. Kilichomshinda ni kufunga mdomo. Alizungumza na bomba, akazungumza na mabeseni, na mabeseni yalipochoka kumsikiliza akahamia kwenye nguo. Ndiyo maana mtaa mzima ulisahau jina lake ukamwita Chiriku.

Asubuhi hiyo, hata hivyo, alinyamaza ghafla katikati ya sentensi.

"Mama," akaita, "umeshatia sabuni?"

"Sabuni gani? Si hii hapa mkononi mwangu?"

"Mbona basi maji yanatoa mapovu?"

Mama alikuja akifuta mikono kwenye kanga. Wote wawili waliinamia beseni. Maji yalikuwa yakichemka bila moto, vijipovu vikipanda kimya kimya kama soda iliyofunguliwa sasa hivi. Harufu yake ilikuwa kama ya yai viza. Mama alichota kwa kiganja, akanusa, akayamwaga chini.

"Haya si maji yangu," alisema polepole.

Mwanzoni walidhani ni bomba. Wakadhani tena ni tangi, wakalisugua mpaka likang'aa. Lakini mapovu hayakwisha, na shuka nyeupe zikaanza kutoka na madoa ya kikahawia. Mwenye nyumba ya wageni alirudisha mzigo mzima. "Dobi," alisema, "wageni wangu wanauliza kama shuka hizi zilifuliwa kwa chai." Alisema kwa utani, lakini hakuleta mzigo mwingine.

Hapo ndipo macho ya Chiriku yalipoanza kutazama ng'ambo ya kijito, nyuma ya uwanja wa mpira wa shule, ambako mtambo wa kampuni ya gesi ulisimama ukinguruma. Mwalimu wao wa sayansi alikuwa amewaeleza darasani. Chini kabisa ya ardhi, alisema, kuna mwamba wenye matabaka membamba kama kurasa za kitabu, na gesi imenaswa ndani yake. Ili kuitoa, kampuni huchimba shimo refu, kisha husukuma maji yaliyochanganywa na mchanga na kemikali kwa nguvu nyingi mpaka mwamba unapasuka na gesi inapata njia ya kupanda juu.

"Na ikipata njia nyingine je?" Chiriku aliuliza.

Mwalimu alikuna kidevu. "Kampuni inasema haiwezekani."

Jibu hilo halikumridhisha. Sasa alishuku kila kitu. Alishuku malori ya maji taka yaliyopita barabarani yamefunikwa turubai. Alishuku walinzi. Zaidi ya wote alimshuku bwana mmoja wa kampuni, mwenye kazi ya kuzungumza na wakazi, ambaye watoto walimpa jina la Tabasamu kwa sababu meno yake hayakupumzika. Aliuma na kupuliza kama panya.

Mjomba wa Chiriku, mdogo wake mama, hakuwa na haja ya kushuku. Yeye alikwisha kuumwa na panya huyo. Alikuwa fundi baiskeli, na aliishi chumba cha uani. Kampuni ilikodi shamba lake ikimwahidi sehemu ya fedha za gesi itakayouzwa. Lakini kila malipo yalipokuja, yalikuwa yamekatwa: gharama za mabomba, gharama za barabara, hata gharama za mlinzi aliyemzuia yeye mwenyewe asiingie shambani mwake! Alipotaka kushtaki, aliambiwa mkataba unasema mgogoro wowote utaamuliwa na msuluhishi aliyechaguliwa na kampuni, tena katika mji wa mbali.

"Kwani hukuusoma, Mjomba?" Chiriku alimuuliza.

"Niliusoma ukurasa wa kwanza," Mjomba alijibu kwa uchungu, akisugua mnyororo wa baiskeli kwa kitambaa chenye mafuta ya taa. "Ukurasa wa kwanza ulikuwa mtamu sana."

Siku chache baadaye Tabasamu alibisha hodi. Mama alimkaribisha kwenye chumba cha kupigia pasi, na Chiriku akajifanya anakunja taulo.

"Mama, tumesikia una shida ya maji," alianza. "Kampuni haina kosa lolote, maji ya eneo hili yalikuwa hivyo tangu zamani. Ila tuna moyo wa ujirani. Tutakuletea maji safi kwa gari, bure. Weka sahihi yako hapa tu."

Mama hakuipokea kalamu. "Hapa panasemaje?"

"Mambo ya kawaida. Kwamba hutaizungumzia habari hii na mtu, wala hutaishtaki kampuni."

"Leo?"

"Leo na siku zote."

Mama aliisukuma karatasi pembeni. Alikuwa mtu wa maneno machache. Chiriku alikuwa ameyachukua yote yeye. "Bwana," alisema, "kama maji yangu hayana kasoro inayowahusu, kwa nini mnanunua ulimi wangu?"

Kwa mara ya kwanza meno ya bwana yule yalijificha. Akakunja karatasi yake akaaga.

Mama alikwenda mwenyewe kwenye ofisi ya mamlaka ya maji kutoa malalamiko. Baada ya kusubiri na kurudi, kurudi na kusubiri, siku moja shule zikiwa likizoni alikuja mpima maji, mwanamke mrefu aliyevaa buti na glavu. Kwanza aliwafungulia madirisha yote ya kibanda cha pampu ya kisima. "Mapovu haya huenda ni gesi," alisema. "Msiwashe kiberiti humu kabisa, na msifunge madirisha." Kisha akajaza chupa zake, akazifunga kwa utepe, akazipanga katika sanduku la barafu. Alikuwa bado na visima vingine vya kupima mtaa wa pili, na gari lake lilijaa vifaa, kwa hiyo akaomba kuliacha sanduku kwenye chumba cha pasi mpaka alasiri.

"Asiliguse mtu," alionya.

"Mimi nitalilinda," alisema Chiriku, akaketi mlangoni kama askari.

Haukupita muda akaona gari la kampuni limesimama nje ya geti. Tabasamu alikuwa ndani, anaongea na simu huku akiutazama ua wao.  Amekuja kuziiba chupa! Alinyata hadi getini, akajibanza nyuma ya shuka za nyumbani zilizoanikwa, asimwondolee macho hata kidogo. Bwana yule alimaliza kuongea, akawasha gari akaenda zake. Chiriku akageuka.

Mjomba alikuwa anatoka kwenye chumba cha pasi.

"Mjomba, ulikuwa unatafuta nini?"

"Pasi," Mjomba alijibu haraka, akapita.

Pasi! Mjomba, ambaye mashati yake yote yalionekana kama yametafunwa na mbuzi! Chiriku aliingia chumbani. Sanduku lilikuwa pale pale, lakini utepe wa chupa mbili ulikuwa umeinuka pembeni. Aliinama akanusa. Mafuta ya taa. Alijiambia kwamba Mjomba hunuka mafuta hayo siku zote kwa kazi yake, hivyo huenda ni harufu tu aliyoiacha chumbani. Alitamani sana iwe hivyo. Akanusa tena. Harufu ilitoka kwenye vifuniko.

Alimkuta Mjomba amechuchumaa mbele ya baiskeli isiyohitaji matengenezo yoyote.

"Umetia mafuta kwenye maji," alisema kwa sauti ndogo.

Mjomba alichungulia huku na huku. "Punguza sauti! Nimeongeza chumvi kidogo tu kwenye mchuzi. Hao wametudanganya mara ngapi? Uongo wetu mmoja utawakomesha."

"Lakini Mama..."

"Mama yako atapata haki yake. Unataka akose kazi? Nyamaza, mpwa wangu. Damu ni nzito kuliko maji."

Chiriku alinyamaza. Alinyamaza wakati wa chakula cha mchana, mpaka Mama akamgusa paji la uso kuona kama ana homa. Kichwani mwake mambo yalipigana. Kampuni ilikuwa na makosa, aliamini hivyo kwa moyo wote. Sasa kuna ubaya gani ushahidi ukiwa mkubwa zaidi? Lakini akakumbuka jinsi alivyokuwa amemkodolea macho mtu wa getini, huku aliyefanya kosa akipita mgongoni mwake. Kikulacho ki nguoni mwako. Kama akimwacha Mjomba adanganye kwa sababu ni wa kwao, atamlaumu vipi Tabasamu anayedanganya kwa sababu ya watu wake?

Alasiri mpima maji alirudi, akaliinua sanduku.

"Usilichukue, Shangazi!" Chiriku alipaza sauti. "Maji hayo yameharibiwa. Yametiwa mafuta ya taa."

Mama aliacha kupiga pasi. "Na nani?"

Chiriku alimtazama Mjomba aliyekuwa uani. Machozi yalimlenga.  Mjomba naye alisimama kama aliyepigwa na radi, kisha akaja mwenyewe hadi mlangoni, kofia mkononi.

"Na mimi," alisema. "Mtoto hana hatia."

Chiriku alingoja ghadhabu, lakini mpima maji alikaa kwenye kigoda akavua glavu zake. "Kosa la kwanza ni langu," alisema. "Sikupaswa kuliacha sanduku hili machoni pa mtu yeyote. Lakini ndugu yangu, unajua ungetufanyia nini? Mafuta ya taa hayatoki kwenye mwamba. Maabara ingeyaona mara moja. Kampuni ingesimama mbele ya watu na kusema, 'Mnaona? Wakazi ni waongo.' Na gesi halisi iliyo kwenye maji ya dada yako, kama ipo, ingezikwa pamoja na mafuta yako."

Mjomba aliinamisha kichwa, akiizungusha kofia yake mikononi.

Kesho yake mpima maji alichota upya, safari hii mbele ya watu wote. Tabasamu aliitwa ashuhudie. Kila upande ulipewa chupa zake zilizofungwa na kupigwa mhuri, na nyingine zikaenda maabara moja kwa moja. Chiriku hakumwondolea macho mtu hata mmoja, wa kampuni wala wa nyumbani.

Majibu yalipotoka, yalisomwa katika ukumbi wa shule. Watu walijaa mpaka madirishani. Mpima maji alieleza kwamba gesi huwa na alama za asili yake, na ile iliyokutwa kwenye kisima cha dobi haikuwa ya juujuu. Ilitoka kwenye mwamba wa chini kabisa. Saruji iliyozunguka bomba la kampuni ilikuwa na ufa, na gesi ilikuwa ikipenya hapo.

Ukumbi ulilipuka kwa kelele. "Tulisema! Tulisema!"

Mpima maji aliinua mkono. "Sijamaliza. Kemikali za kampuni hatukuzikuta. Na kisima cha kona, ambacho wenyewe wanasema kilichafuliwa na kampuni, kimechafuliwa na choo chao wenyewe. Hicho tutakishughulikia pia."

Watu walicheka, wenye kisima cha kona wakaona haya. Hata Tabasamu, aliyekuja na mkoba uliojaa majibu, hakupata pa kuanzia. Angewezaje kumwita muongo mtu aliyesema hata yale yaliyomfaa yeye?

Kampuni iliamriwa kufunga shimo lile mpaka bomba litengenezwe na kupimwa upya, na kuwaletea maji wote walioathirika bila kumwekesha mtu sahihi ya kunyamaza. Mikataba ya mashamba, ya Mjomba ikiwamo, ilichukuliwa na wakili wa msaada wa kisheria. Kesi hiyo haikuwa ya kuisha upesi, lakini sasa ilikuwa na mtu wa kuisoma mpaka ukurasa wa mwisho. Polepole maji ya kisima yalitulia, na mwenye nyumba ya wageni akarudi na mizigo yake, akiomba radhi kwa ule utani wa chai.

Jioni moja Mjomba alikuja kuketi nao barazani. Alikuwa bado hajui aziweke wapi mikono yake.

"Mama," Chiriku aliuliza, "nilikosea kuwashuku watu?"

Mama alifikiri kwanza, kama kawaida yake. "Hapana, mwanangu. Anayeletewa karatasi ya kumfunga mdomo asiposhuku, atalala na njaa. Lakini kushuku ni kuuliza tu, si kujibu. Ukishuku, tumia kipimo kimoja kwa wote, wa mbali na wa ndani. Na ukiupata ukweli, usiuongezee kitu hata kama unaona ni mdogo. Ukweli ukiongezewa kitu unageuka uongo, na mwenye haki anageuka mkosaji."

"Ndiyo, Mama," ilijibu sauti ya chini.

Aliyejibu alikuwa Mjomba.